Uhai wa Saa: Mafunzo ya Marabi Kuhusu Wakati na Maandishi ya Vizuizini, kwa Mtazamo wa Gilgil

Uhakiki wa fasihi ya vizuizini nchini Kenya umezoea kuanzia mwaka 1952, ilipotangazwa hali ya hatari, na kuzitaja Manyani, Hola, Mageta na Manda kana kwamba kambi hizo ndizo chimbuko la tajriba yenyewe. Gilgil, mji mdogo ulio kati ya Naivasha na Nakuru, hutajwa kama kituo cha gari la moshi tu. Ilhali mji huo ulikuwa na kambi ya kizuizini miaka mitano kabla ya hali ya hatari, na waliozuiliwa humo walikuwa Wayahudi. Mwezi Oktoba 1944 serikali ya Uingereza ilianza kuwahamishia Afrika watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Irgun na Lehi, makundi ya siri yaliyokuwa yakipigana na utawala wake katika Palestina. Kundi la kwanza la watu 251 lilisafirishwa kwa ndege hadi Sembel, karibu na Asmara nchini Eritrea. Baadaye wazuiliwa walipelekwa kwa muda Carthago nchini Sudan, na mwezi Machi 1947 wakaletwa Gilgil. Walikaa humo hadi Julai 1948, dola la Israeli lilipokwisha kutangazwa, ndipo wakarejeshwa. Hawakuwa wamefikishwa mahakamani, wala hawakuwahi kuambiwa siku ya mwisho wa kuzuiliwa kwao.

Ukweli huu wa kihistoria una faida kwa mhakiki wa fasihi, si kwa mwanahistoria peke yake. Dini ya Kiyahudi ina hazina kubwa ya mafunzo ya marabi kuhusu thamani ya kila dakika ya uhai, na sehemu muhimu ya mafunzo hayo imewekwa katika vinywa vya watu waliokuwa gerezani, mafichoni au mbele ya mnyongaji. Je, mafunzo hayo yanasaidia kuyasoma maandishi ya vizuizini yaliyozaliwa Kenya? Swali hili halidai kwamba wazuiliwa wa Gilgil waliishi kwa kufuata Talmudi. Wengi wao walikuwa watu wa siasa na silaha kuliko watu wa chuo cha dini. Linalohitajika ni ulinganishi, si kutafuta athari ya moja kwa moja.

Kwanza inafaa kuondoa kikwazo kimoja. Mafunzo ya marabi kuhusu wakati hufasiriwa mara nyingi, hata na wasomi, kana kwamba ni sawa na msemo "wakati ni mali". Msemo huu, ambao siku hizi umo katika vitabu vya methali za Kiswahili, una sura ya tafsiri ya hekima ya wafanyabiashara wa Kizungu, na katika Bonde la Ufa una historia chungu. Sheria ya mwaka 1918 ilimlazimu skwota kumfanyia mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kulima kijishamba na kulisha mifugo yake. Baadaye halmashauri za walowezi zilipewa uwezo wa kupandisha idadi hiyo hadi 270. Huko ndiko wakati ulikuwa mali kwelikweli, ila ulikuwa mali ya mtu mwingine. Mtu anayeusifu msemo huo mbele ya mjukuu wa skwota wa Gilgil au Elmenteita hana budi kwanza kuulizwa ni mali ya nani.

Kweli, Rabi Tarfon naye, katika Pirkei Avoti, anatumia taswira ya kibarua: mchana mfupi, kazi nyingi, mwenye kazi anayehimiza. Lakini taswira hiyo inageuzwa papo hapo na fundisho linalofuata, ambamo kibarua anaambiwa kwamba kuimaliza kazi si wajibu wake, ingawa hana ruhusa ya kuiacha. Hakuna mlowezi aliyewahi kuandika mkataba wa namna hiyo. Kipimo cha saa kwa Tarfon hakitokani na kile kilichozalishwa ndani yake.

Neno lenyewe linastahili kuangaliwa kwa makini. Kiebrania cha marabi kina neno *sha'ah*, nalo ni ndugu wa *sa'a* ya Kiarabu ambayo Kiswahili kimeipokea kuwa *saa*. Undugu huu si wa umbo tu. Mishna, iliyokusanywa kiasi cha mwaka 200, inaanza na sura ya Berakhoti, na humo marabi wanajadiliana kuhusu mwisho wa muda wa kusoma Shema ya asubuhi. Rabi Yehoshua anauweka katika saa tatu. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika kuongeza maelezo ili msomaji wake asidhani kwamba inazungumziwa saa tisa ya usiku. Mfasiri wa Kiswahili haongezi chochote, maana marabi na Waswahili wote huhesabu saa za mchana kuanzia mapambazuko, na saa tatu ya Rabi Yehoshua ndiyo saa tatu ya Mombasa. Tofauti ipo moja. Saa ya marabi ni fungu moja la mchana uliogawanywa mara kumi na mbili, hivyo hurefuka kiangazi na kufupika wakati wa baridi. Mjini Yerusalemu mchana wa Juni unauzidi mchana wa Desemba kwa takriban saa nne. Gilgil iko karibu nusu digrii tu kusini mwa ikweta. Hapo saa ya marabi na saa ya ukutani hukaribia kuwa kitu kimoja mwaka mzima. Mtu aliyeletwa hapo kutoka Palestina alinyang'anywa hata majira, ambayo ndiyo kalenda ya asiye na kalenda.

Katika matumizi ya marabi kuna fungu la maneno ambalo ndilo kiini cha mjadala huu: *hayyei sha'ah*, yaani uhai wa saa. Fungu hili linatumika kwa namna mbili zinazopingana, na wahakiki wengi wa mafunzo haya huichukua namna moja na kuifumbia macho ya pili.

Namna ya kwanza ni ya dharau. Talmudi ya Babeli, katika kitabu cha Shabati, inasimulia jinsi Rabi Shimon bar Yohai alivyoukimbia utawala wa Roma na kujificha pangoni na mwanawe Elazari kwa muda wa miaka kumi na miwili. Walikula matunda ya mkarubi na kunywa maji ya chemchemi; walivua nguo zisichakae, wakajifukia mchangani hadi shingoni, wakajifunza Torati, na kuzivaa nguo hizo wakati wa sala tu. Walipotoka waliwaona watu wakilima na kupanda. Rabi Shimon akashangaa kwamba watu hao wameuacha uhai wa milele na kushughulika na uhai wa saa, na kila alipotupa jicho pakateketea. Sauti ya mbinguni ikamkemea kwa kuuharibu ulimwengu, ikamrudisha pangoni kwa miezi kumi na miwili mingine. Alipotoka mara ya pili alikutana na mzee mmoja, jioni ya kuamkia Sabato, akikimbia na vichane viwili vya mhadasi mkononi kwa heshima ya siku hiyo. Hapo moyo wa rabi ukatulia.

Ufundi wa kisa hiki uko katika mpangilio wake. Msimulizi hamjibu Rabi Shimon kwa hoja. Anamjibu kwa kumwongezea kifungo, kisha kwa mzee asiye na jina na majani yanayonukia, vitu viwili visivyodumu hata wiki. Dharau kwa uhai wa saa inasawiriwa kama maradhi ya mtu aliyekaa kizuizini mno, aliyejilinda kwa kuukana ulimwengu hadi akawa hatari kwa wakulima. Yeyote aliyezisoma tawasifu za mahabusu wa Kenya atamtambua mtu huyo.

Namna ya pili ni ya kisheria. Katika kitabu cha Yoma, marabi wanajadili ukuta uliomwangukia mtu siku ya Sabato. Kufukua ni kazi, na kazi siku hiyo imekatazwa. Hata hivyo kifusi hufukuliwa. Talmudi inazidi kuuliza: ikiwa aliyefukiwa amepatikana hai lakini ni dhahiri kwamba hatapona, je? Jibu ni kwamba kazi inaendelea, kwa ajili ya uhai wa saa. Maneno yaleyale aliyoyatamka Rabi Shimon kwa kuwadharau wakulima ndiyo yanayoivunja Sabato hapa. Saa ya mtu anayekufa chini ya kifusi, ambayo hatalima wala kusoma kitu ndani yake, inapewa uzito kuliko siku takatifu. Ni kweli kwamba penginepo, katika mjadala wa mgonjwa na mganga wa hatari, marabi huruhusu uhai wa saa uwekwe rehani kwa tumaini la kupona. Ila hata huko saa inaachiliwa kwa ajili ya uhai mrefu zaidi. Haiachiliwi kwa sababu haina thamani.

Mvutano huu ndio unaoyatenga mafunzo ya marabi na mkondo mmoja mkuu wa ushairi wa Kiswahili wa kale. Katika Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, magofu ya Pate yanauonyesha moyo kwamba dunia haina kaimu, na kupita kwa wakati kunakuwa hoja ya kuigeuzia dunia mgongo. Rabi Yaakov wa Pirkei Avoti angeweza kuusoma utenzi huo kwa ridhaa, kwani yeye mwenyewe anaifananisha dunia na ukumbi wa kungojea kabla ya kuingia katika jumba la karamu. Lakini mara tu baada ya mfano huo anapindua kila kitu: saa moja ya toba na matendo mema hapa ukumbini, asema, inaushinda uhai wote wa ulimwengu ujao, na saa moja ya utulivu kule inaushinda uhai wote wa huku. Hakuna upatanisho wa kauli hizo mbili. Zimeachwa zitazamane. Itakuwa kosa, hata hivyo, kudai kwamba Uislamu hauna mkabala huo. Sura ya Al-Asr inaapa kwa wakati, na waumini wa pwani huifahamu vyema hadithi ya Mtume inayohimiza kuyatumia mambo matano kabla ya mengine matano hayajafika, uhai kabla ya mauti likiwa mojawapo. Tofauti iko katika mahali mtunzi wa utenzi alipochagua kusimama. Anasimama magofuni, baada ya saa kupita.

Kuhusu vizuizi vyenyewe, yapo mambo mawili ambayo uhakiki umeyachanganya kwa muda mrefu: kifungo na kizuizi. Abdilatif Abdalla alihukumiwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", na akatoka mwaka 1972, tungo alizoziandika kwa siri gerezani zilichapishwa mwaka 1973 kama *Sauti ya Dhiki*. Ingawa mateso ya upweke wake yalikuwa makali, hukumu ya miaka mitatu ilikuwa na ukingo. Mfungwa wa namna hiyo anaweza kuhesabu kwenda chini. Mzuiliwa anahesabu kwenda juu tu, na hajui anahesabu kuelekea wapi. Hivyo dakika ya mfungwa na dakika ya mzuiliwa haziwezi kuhakikiwa kwa kipimo kimoja, na ni jambo la kusikitisha kwamba tasnifu nyingi huziweka katika sura moja chini ya kichwa "fasihi ya gerezani".

Rabi Akiva, ambaye Waroma walimfunga na hatimaye wakamuua, anatoa mfano wa namna ya kuishi ndani ya hesabu isiyo na ukingo. Talmudi inasimulia kwamba Yehoshua wa Garsi alikuwa akimletea maji gerezani kwa kipimo. Siku moja mlinzi aliyamwaga nusu. Akiva hakuyanywa yaliyobaki hadi alipopewa ya kunawa mikono kama sheria ya wenzake ilivyotaka. Kisa hiki hufasiriwa kuwa ni kisa cha uchaji. Ni hivyo, lakini pia ni kisa cha utawala wa wakati: mlinzi anaamua kiasi cha maji, Akiva anaamua kipi kitatangulia. Gereza limechukua kila kitu isipokuwa mfuatano wa vitendo.

Mfuatano huo ndio unaoonekana Gilgil. Meir Shamgar, aliyezuiliwa mwaka 1944 na kupelekwa Afrika akiwa kijana asiyefika miaka ishirini, alisoma sheria kwa njia ya posta katika Chuo Kikuu cha London. Kuanzia 1983 hadi 1995 alikuwa rais wa Mahakama Kuu ya Israeli. Shmuel Tamir, mzuiliwa mwingine wa Gilgil, alikuja kuwa waziri wa sheria mwaka 1977. Kuna kejeli katika picha ya watu walionyimwa mahakama wakizisoma sheria za nchi iliyowazuilia. Yaakov Meridor ni kinyume chao. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kiebrania mwaka 1950 na kufasiriwa kwa Kiingereza kwa jina *Long Is the Road to Freedom*, zinaendeshwa na majaribio ya kutoroka, moja baada ya jingine, hadi alipofaulu pamoja na wenzake kutoka Gilgil mwezi Machi 1948, miezi minne tu kabla ya wote kurudishwa. Kwa upande wa fani kitabu hicho kina mvuto wa hadithi za ujasusi. Udhaifu wake uko palepale: saa ambayo haimleti shujaa karibu na ua wa seng'enge haina pa kukaa katika masimulizi. Meridor amemfuata Rabi Shimon wa mara ya kwanza, anayetoka pangoni macho yakiwaka.

J. M. Kariuki, aliyezaliwa katika Bonde la Ufa mwaka 1929 na wazazi waliokuwa maskwota, alikamatwa Nakuru mwaka 1953 na kuzungushwa katika kambi kumi na nne hadi 1960. Katika mwaka huohuo wa kukamatwa kwake, Gilgil ilikuwa na kambi ya mpito ya Wakikuyu waliofukuzwa mashambani kabla ya kurudishwa Mkoa wa Kati. Kitabu chake *Mau Mau Detainee*, cha mwaka 1963, hakina umahiri wa kimuundo unaopatikana katika shajara ya Gakaara wa Wanjaũ iliyochapishwa kwa Kikuyu mwaka 1983. Lakini kina kitu ambacho Meridor hana. Masomo ya kusoma na kuandika ambayo wazuiliwa walipeana, barua za malalamiko zilizotoroshwa nje ya kambi, ugawaji wa chakula, vyote vinapewa nafasi yao bila ya kuulizwa vilisaidia nini katika kuleta uhuru. Kariuki anaandika kama mtu anayeamini kwamba miaka ile saba ilikuwa sehemu ya maisha yake, si shimo katikati ya maisha. Kwa mantiki ya kitabu cha Yoma, ameendelea kufukua.

Hapa ulinganishi unaingia katika ugumu ambao hauwezi kukwepwa. Irgun ndiyo iliyoilipua Hoteli ya King David mjini Yerusalemu mwezi Julai 1946, wakafa watu 91, Waarabu, Waingereza na Wayahudi. Lehi ilimuua Lord Moyne mjini Kairo mwaka 1944. Upande wa Kenya kuna Lari ya Machi 1953, mauaji ya usiku na kisasi kilichofuata. Watu waliojifunza kizuizini kuithamini saa yao walikuwa washirika katika harakati zilizokatisha saa za wengine, na wazuiaji wao walifanya vivyo hivyo kwa kiwango cha dola. Mhakiki anayeyasifu mafunzo ya marabi bila ya kuligusa jambo hili anafanya mahubiri.

Marabi wenyewe hawakulipuuza. Kitabu cha Avoda Zara kinasimulia kuchomwa moto kwa Rabi Hanina ben Teradyon, aliyewekewa sufi mbichi kifuani ili afe polepole. Mnyongaji wa Kiroma akamwuliza kama ataingia naye katika ulimwengu ujao endapo atauzidisha moto na kuiondoa sufi. Rabi akakubali. Mnyongaji akafanya hivyo, kisha akajitosa motoni. Rabi Yehuda, mkusanyaji wa Mishna, alipokisikia kisa hicho alilia: yupo mtu anayeupata ulimwengu wake kwa saa moja, na yupo anayeupata kwa miaka mingi. Kilio hicho kimefasiriwa kuwa ni furaha, na kimefasiriwa kuwa ni wivu wa mwanachuoni. Lakini kuna la tatu. Aliyepewa saa hiyo ni mtu wa Roma, mwuaji kazini, na kisa hakimtaki kwanza awe Myahudi.

Penginepo maandishi hayana ukarimu huo. Mishna ya Yoma, inapoorodhesha mashaka yanayoruhusu kifusi kufukuliwa, inataja shaka kama aliyefukiwa ni Myahudi au si Myahudi. Maana yake ni kwamba shaka inamwokoa, na uhakika ungeweza kutomwokoa. Na katika Mishna ya Sanhedrini, fundisho mashuhuri la kwamba anayeiangamiza nafsi moja ni kama ameuangamiza ulimwengu mzima limefika kwa sura mbili: baadhi ya miswada ina nafsi moja tu, na mingine ina nafsi moja ya Israeli. Kiswahili chaweza kuzibeba sura zote mbili bila ya taabu yoyote. Mfasiri atakayeileta Mishna hiyo kwa wasomaji wa Gilgil, penye makaburi ya wanajeshi wa himaya, na ambako J. M. Kariuki alikuwa na shamba lake hadi alipouawa mwezi Machi 1975, atalazimika kuandika mojawapo katika matini na kuiteremsha nyingine chini ya mstari.